Hati ya Rupia Elfu Nne

Neno hongo, ambalo leo likitamkwa barazani mtu hushusha sauti na kugeuka kuona nani yupo karibu, halikuwa neno la aibu zama za babu zetu. Kwani misafara ilipotoka Bagamoyo au Pangani kwenda bara, ikafika Ugogo ambako maji ni haba na wenye visima ni watemi wa nchi, hongo ilikuwa ni ushuru wa njia, uliojadiliwa mchana kweupe mbele ya mashahidi, ukalipwa kwa nguo na shanga na nyaya za madini, na aliyekwisha kuulipa alipewa idhini ya kunywa na kupita. Msafiri aliweza kuulalamikia ukubwa wake, na aghalabu aliulalamikia, lakini hakuwa na haja ya kuuficha. Neno hilo hilo likaingia gizani baadaye, kama lilivyoingia gizani jambo lenyewe, hata wakapatikana wahenga wengine wa kutuusia kwamba penye udhia tupenyeze rupia. Na kila alijuaye Kiswahili hulisikia uzito wa kitenzi hicho, kwa kuwa kitu kinachopenyezwa si kitu kinachotolewa, bali ni kitu kinachopitishwa mahali palipofungwa.

Rupia hiyo ilitoka Bara Hindi, na katika Bara Hindi yenyewe ndimo lilimotokea, katika karne ya 18, jambo ambalo naliona kuwa ni mfano mkubwa kuliko yote ya namna kampuni ya kimataifa inavyojaribu kuwakataza watumishi wake hongo, na ya namna inavyoweza kukataza kweli kweli huku dhuluma ikabaki pale pale. Nakusudia habari za Kampuni ya Uhindi Mashariki ya Waingereza. Wala asidhani msomaji wa pwani kwamba ni habari za ugenini, maana Atkins Hamerton, aliyefika Unguja mwaka 1841 kuwa balozi wa Uingereza mbele ya Sayyid Said, alikuwa papo hapo wakili wa Kampuni hiyo.

Kampuni ilipewa hati yake na Malkia Elizabeth siku ya mwisho ya mwaka 1600, nayo ikawatunukia wafanyabiashara wa London, wao peke yao katika raia wote wa Uingereza, haki ya kufanya biashara na nchi zilizoko mashariki ya Rasi ya Tumaini Jema. Wakurugenzi 24 walikaa katika nyumba yao ya Leadenhall Street; watumishi wakakaa Surat, Madras, Bombay na Calcutta; na baina yao palikuwa na bahari ambayo barua iliweza kukaa ndani yake nusu mwaka kwenda na nusu mwaka kurudi. Kijana aliyeajiriwa ukarani, ambaye pengine hajatimiza miaka 18, alitia saini hati ya ahadi kwamba atakuwa mwaminifu kwa mabwana zake, akaleta na wadhamini, kisha akapewa mshahara wa pauni 5 kwa mwaka. Mshahara wa namna hiyo haumlishi mtu wala haumviki, na waliouweka walilijua hilo. Kwa hiyo wakawaruhusu watumishi wao wafanye biashara zao wenyewe kati ya bandari na bandari za Asia, mradi wasiiguse ile biashara ya kwenda Ulaya ambayo Kampuni ilijiwekea yenyewe. Hapo ndipo mtu mmoja alipoanza kuwa na mikono miwili, mmoja wa tajiri wake na mmoja wa nafsi yake, akishika kwa yote miwili mizani ile ile. Elihu Yale, aliyekuwa mkubwa wa Madras, aliondolewa katika cheo mwaka 1692 kwa tuhuma za kujitajirisha, akarudi Uingereza na mali nyingi, na sehemu ndogo ya mali hiyo ikakipa jina chuo kikuu mashuhuri cha Marekani.

Na asije mtu akasema, kama walivyosema wengi wakati ule, kwamba maradhi hayo yalikuwa ya hewa ya mashariki, yakiwapata Waingereza kama homa. Mwaka 1695 Bunge la London lilipofungua vitabu vya Kampuni likakuta maelfu kwa maelfu ya pauni yametoka katika hazina bila stakabadhi, yakiandikwa kuwa ni gharama za huduma maalumu. Na huduma yenyewe ilikuwa kuwalainisha mawaziri na wabunge wa Uingereza ili hati ya Kampuni isitanguliwe. Sir Thomas Cooke, aliyekuwa gavana wa Kampuni, akatiwa ndani ya ngome ya London, na Duke of Leeds, mmoja wa wakubwa wa serikali, akashitakiwa mbele ya Baraza la Mabwana. Lakini shahidi aliyehitajiwa akatoroka ng'ambo, na kesi ikafa pasipo hukumu. Haya yalikuwa yamekwisha tokea miaka 60 na zaidi kabla hata rupia moja ya Bengal haijaingia katika mfuko wa Robert Clive, jemadari wa Kampuni.

Katika Bengal, mashariki ya Bara Hindi, palikuwa na desturi ya kale ya baraza za wafalme wa Kimogoli, iitwayo nazr, neno ambalo sisi tunalo kwa sura ya nadhiri. Mdogo alipomwendea mkubwa alimpelekea sarafu za dhahabu juu ya kitambaa. Mkubwa akazipokea, au akazigusa tu na kuzirudisha, kisha akamvika mdogo joho la heshima. Na yote hayo yalifanyika barazani, kila mmoja akijua kadiri yake na maana yake. Nawaza kilemba ambacho kwetu mwanafunzi humpa fundi wake amalizapo kazi, au ada anayopewa somo katika arusi, ambavyo havina uovu wowote kwa sababu kila mtu anaviona. Watumishi wa Kampuni waliipokea desturi hii, lakini wakaupindua mwelekeo wake na kuiondolea kipimo chake: wakawa wao, wageni na wachuuzi, ndio wanaopelekewa na mfalme.

Mlango ulifunguka tarehe 23 Juni 1757, siku ya vita vya Plassey, Siraj-ud-Daulah, nawab yaani mtawala wa Bengal, alipoangushwa, na jemadari wake Mir Jafar akawekwa mahali pake kwa mapatano na Kampuni yaliyofanywa kwa siri kabla ya vita. Clive alipokea pauni 234,000, kisha akapewa mapato ya ardhi yaliyomletea pauni 27,000 kwa mwaka, na walipaji wa mapato hayo wakawa ni Kampuni yenyewe, yaani tajiri akawa mdeni wa mtumishi wake. Tokea siku hiyo kila nawab aliyepandishwa kitini alilipa, na aliyeshushwa alikuwa amekwisha kulipa. Kamati ya Bunge ilipokaa baadaye kuhesabu hadaya za miaka ile kumi ilifikia jumla iliyopita pauni milioni 2, na hizo ni zile zilizoweza kuthibitishwa.

Lakini hadaya za wakubwa zilikuwa kwa mwananchi ni mvua inayonyesha mlimani; mafuriko yalimkuta bondeni kwa njia nyingine. Mfalme wa Kimogoli alikuwa ameipa Kampuni, mwaka 1717, msamaha wa ushuru kwa bidhaa zake, na cheti cha msamaha huo kiliitwa dastak. Watumishi wakakitumia cheti hicho kwa biashara zao wenyewe, katika chumvi, popoo na tumbaku, vitu ambavyo havikuwa vya kwenda Ulaya kabisa bali ni vya kila siku vya mtu wa Bengal; wengine wakawauzia wafanyabiashara wa Kihindi vyeti hivyo; na mawakala wao, walioitwa gumashta, wakaingia vijijini na askari, wakamlazimisha mfumaji kupokea arubuni asiyoitaka, kwa nguo atakayoiuza kwa bei asiyoiridhia. Nawab Mir Kasim, aliyewekwa mahali pa Mir Jafar, aliandika malalamiko mara nyingi. Alipoona hasikilizwi alifanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo la insafu kupita yote katika kisa hiki chote: akafuta ushuru kwa watu wote, Mhindi na Mwingereza, ili wasimame sawa sokoni. Baraza la Calcutta likalihesabu jambo hilo kuwa ni uadui. Vita vikapiganwa, na mwezi Oktoba 1764 huko Buxar Mir Kasim na wenziwe wakashindwa.

Mwezi Mei wa mwaka huo, kabla ya kujua mwisho wa vita hivyo, wakurugenzi wa London walikuwa wamekwisha kuamuru hati mpya za ahadi. Kila mtumishi, raia na askari, atie saini kwamba hatapokea kwa mfalme au mkuu yeyote wa Bara Hindi hadaya ipitayo thamani ya rupia 1,000 pasipo idhini ya gavana na baraza lake, na kwamba ikipita rupia 4,000 ataikabidhi kwa Kampuni. Ndugu msomaji, tusimame hapa kidogo, maana ndipo penye kiini. Hati haikusema kwamba hadaya iliyopita kiasi irudishwe kwa aliyeitoa. Haikuuliza ameitoa kwa hofu au kwa hiari, wala fedha hiyo ameitoza kijiji gani ili aipate. Ilisema tu kwamba ni mali ya Kampuni. Kosa lililokuwa likikatazwa, basi, halikuwa kumpokonya mtu wa Bengal. Kosa lilikuwa ni kumpunja mwenye hisa wa London fungu lake.

Hati hizo zilifika Calcutta mwezi Januari 1765, na mwezi Februari Mir Jafar, aliyekuwa amerudishwa kitini, akafa. Wajumbe wa baraza, wakiwa na karatasi mezani zilizongoja saini zao, wakaziweka kando, wakasafiri kwa shauri la kumtawaza mwanawe Najm-ud-Daulah, na wakapokea kwake na kwa mawaziri wake zaidi ya pauni 100,000. Clive alipofika mwezi Mei kuwa gavana mara ya pili, yeye ambaye mali yake yote ilikuwa ni hadaya, ndiye aliyewalazimisha kutia saini. Nao walimwuliza, na swali lao halikuwa la kipuuzi, kwa nini yale yaliyokuwa halali mwaka 1757 yamekuwa haramu mwaka 1765. Hata hivyo Clive alifahamu kwamba amri isiyo na riziki nyuma yake haidumu. Na kwa kuwa wakurugenzi hawakukubali kupandisha mishahara, akaunda Shirika la Biashara, lililopewa peke yake biashara ya chumvi, popoo na tumbaku, faida ikigawiwa watumishi wakubwa kwa hisa kulingana na vyeo. Kwa lugha nyingine, ili mkubwa asipokee mfuko wa nawab, maskini wa Bengal aongezewe bei ya chumvi. Wakurugenzi wakalikataa shirika hilo, na likavunjwa mwaka 1768.

Mwezi Agosti 1765 mfalme Shah Alam II aliipa Kampuni udiwani wa Bengal. Kwetu diwani ni mjumbe wa baraza la mji, na diwani ni mkusanyo wa mashairi. Kule udiwani ulikuwa haki ya kukusanya kodi ya nchi nzima. Kampuni ya wauza nguo ikawa mtoza kodi wa mamilioni ya watu, na miaka minne baadaye mvua zikakosekana. Njaa ya 1769 na 1770 iliua watu kwa kiasi ambacho Warren Hastings, aliyekuwa gavana tangu 1772, alikikadiria katika barua kuwa theluthi ya wakazi wa nchi. Na katika barua hiyo hiyo aliwaarifu wakurugenzi kwamba kodi halisi iliyokusanywa mwaka 1771 ilizidi ile ya mwaka 1768, kwa sababu makusanyo yalishikiliwa kwa nguvu yasishuke. Nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi na kila mara moyo hunisimama, kwa kuwa hakuna mtumishi hata mmoja aliyevunja hati yake ya ahadi kwa kuikusanya kodi hiyo. Fedha yote ilikabidhiwa. Vitabu vilikuwa sawa.

Kilicholiamsha Bunge la Uingereza hakikuwa njaa peke yake, bali ni kwamba mwaka 1772 Kampuni ilikaribia kufilisika ikaomba kukopeshwa. Ikapewa pauni milioni 1.4, na pamoja na mkopo ikapewa sheria ya 1773, iliyokataza hadaya kwa kila mwenye cheo, ndogo na kubwa, kwa njia ya wazi au ya kuzunguka. Ikamkataza gavana mkuu na baraza lake kufanya biashara. Na safari hii ikakumbuka riziki, ikampa gavana mkuu pauni 25,000 kwa mwaka na kila mjumbe wa baraza pauni 10,000. Ikaweka pia mahakama kuu huko Calcutta, ili mwenye kudhulumiwa apate pa kwenda.

Aliyekwenda alikuwa ni Maharaja Nandakumar, mzee wa Kibrahmin aliyekuwa ametumika katika ukusanyaji wa kodi kwa miaka mingi. Si kusudi langu kumtakasa. Alikuwa na hasama za muda mrefu na Hastings, na hasama ilikuwa na sehemu yake katika alilolifanya. Mwezi Machi 1775 waraka wake uliwekwa mbele ya baraza, ukidai kwamba Hastings alipokea rupia 354,105 katika kuteua watu wa nyumba ya nawab, nyingine kutoka kwa Munni Begum, mjane wa Mir Jafar. Wajumbe watatu wa baraza, waliokuwa mahasimu wa Hastings, wakaupokea. Hastings akakataa kujibu, akavunja kikao na kuondoka. Kabla shauri hilo halijafika mbali, mwezi Mei, Nandakumar mwenyewe alikamatwa kwa mashitaka mengine, yaliyoletwa na mtu binafsi, kwamba miaka kadhaa nyuma alighushi hati ya deni. Akahukumiwa na mahakama ile mpya, chini ya Jaji Mkuu Elijah Impey, aliyesoma shule moja na Hastings; akahukumiwa kwa sheria ya Uingereza iliyofanya kughushi kuwa kosa la kifo, sheria ambayo katika mila za nchi yake haikujulikana; na tarehe 5 Agosti 1775 akanyongwa hadharani.

Kama Hastings alikuwa na mkono katika kitanzi hicho au hakuwa nao, wanahistoria wamebishana tangu siku ile, na mimi sina ushahidi wa kuwaamua. Lakini watu wa Calcutta hawakuhitaji kuamuliwa. Walichokiona ni kwamba mtu mmoja alimshitaki mkubwa kwa hongo, na aliyekufa ni mshitaki. Hakuna hati ya ahadi, hata iandikwe kwa wino wa dhahabu, itakayomfanya mtu wa pili asimame baada ya hapo. Na kwa muda mrefu hakusimama mtu. Katika fedha zilizotajwa, Hastings hakukanusha kwamba alipokea rupia 150,000, bali alisema zilikuwa za kumkirimu alipozuru mji wa nawab, kwa desturi ya ziyafat, ambayo ndiyo dhifa yetu, na kwamba sheria ya 1773 ilikuwa bado haijaanza kutumika. Dhifa ya thamani hiyo ni karamu gani?

Alishitakiwa hatimaye, lakini London, na mbunge Edmund Burke, katika Westminster Hall, kuanzia tarehe 13 Februari 1788. Burke alisimama na hoja moja ambayo naiheshimu kuliko ufasaha wake wote uliosifiwa: kwamba wajibu wa mtu haubadiliki kwa kuvuka mstari wa ramani, na lililo dhuluma Uingereza ni dhuluma Bengal. Kesi ikaendelea miaka saba, wengine katika Mabwana waliosikiliza mwanzo wakafa kabla ya mwisho, na mwezi Aprili 1795 Hastings akaachiliwa kwa mashitaka yote. Kampuni ikamkirimu kwa malipo ya pauni 4,000 kila mwaka.

Wakati kesi ikiendelea, Lord Cornwallis, gavana mkuu mpya, alikuwa Calcutta akiyafanya kimya kimya yale ambayo hotuba haziyafanyi. Aliwapandishia watumishi mishahara mpaka mtu akaweza kuishi kwa heshima na kuweka akiba; akawapiga marufuku wakusanyaji wa kodi kufanya biashara yoyote; akatenganisha kazi ya kukusanya na kazi ya kuhukumu. Hongo kubwa kubwa za zama za Clive zikakoma, na haki ni kukiri hivyo. Ila Cornwallis aliamini kwamba uaminifu ni tabia ya Mwingereza na hiana ni tabia ya Mhindi, kinyume cha kila ushahidi uliokuwa katika vitabu vya Kampuni yenyewe, na kwa imani hiyo akawafungia wenyeji nafasi zote kubwa za utumishi katika nchi yao. Maofisa wale Waingereza wakaitwa kwa jina la hati zao, watumishi wa ahadi, na jina hilo likawa ni nishani ya ubwana kwa zaidi ya miaka mia.

Ni katika zama hizo za usafi ndipo biashara ya afyuni ilipokua. China ilikuwa imekwisha kuikataza. Na Kampuni, iliyokuwa ikinunua chai huko Canton na kuogopa kufukuzwa, ikakataza merikebu zake kuibeba. Amri hiyo ilifuatwa. Kampuni ilisimamia kilimo cha mpopi katika Bengal na Bihar, ikatayarisha afyuni katika viwanda vyake, ikaitia muhuri wake, kisha ikaipiga mnada Calcutta, na hapo kazi yake ikawa imekwisha. Wafanyabiashara binafsi walionunua ndio walioisafirisha na kuiingiza China kwa magendo, na fedha walizozipata wakazilipa katika hazina ya Kampuni huko huko Canton, wakapewa hawala za London, nayo Kampuni ikanunulia chai. Mwaka 1839 Lin Zexu, mjumbe wa mfalme wa China, alipoyaangamiza makasha 20,000 na zaidi ya afyuni huko Humen, Kampuni ilikuwa imekwisha kuacha biashara ya China miaka mitano nyuma. Mihuri ya makasha ndiyo iliyobaki kuwa yake.

Miaka miwili baadaye ndipo Hamerton alipotia nanga Unguja. Mwaka 1858 utawala wa Bara Hindi ukachukuliwa na Taji, nyumba ya Leadenhall Street ikabomolewa, na tarehe 1 Juni 1874 Kampuni yenyewe ikavunjwa. Makaratasi yake hayakuteketea yote. Hati za makarani, ambazo vijana wale walizitia saini kabla ya kupanda merikebu, ziko London mpaka leo, zimepangwa kwa miaka. Muundo wake ni mmoja kwa karibu zote: jina la kijana, majina ya wadhamini wake, kiasi cha fedha kitakacholipwa ahadi ikivunjwa, na jina la atakayelipwa, ambalo ni la Kampuni.